Nimemlea Popi mpaka kapona, sasa anatakiwa aondoke na mi nimeanza kusema uongo

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usiliweke maana hapa kwetu Tabata watu wanasoma safu yako na wengine mbwa mwenyewe wanamjua. Nina miaka 34, nimeolewa, watoto wawili, nashona nguo nyumbani. Tumepanga lakini tuna uzio wetu wenyewe.

Mwezi wa tano mwaka huu wapangaji wa nyumba ya nyuma yetu walihama usiku, wakaacha mbwa kafungwa mnyororo kwenye nguzo ya tenki la maji. Hatukujua kama wamehama. Kila usiku tulikuwa tunasikia mnyororo unaburuzwa kwenye saruji tukajua wenyewe wapo, sasa siku ile mnyororo uliponyamaza ndo nikapanda kwenye tofali nikachungulia. Anti, niliona ngozi imetandikwa juu ya mbavu. Manyoya hana kuanzia shingoni mpaka mkiani, ngozi imekuwa ngumu ya kijivu, inatoa harufu, masikioni kupe wamejipanga wamevimba kama mbegu za mbarika. Mkanda hakuwa nao, mnyororo ulipitishwa moja kwa moja shingoni ukapigwa kofuli, na nadhani walimfunga akiwa bado mdogo, shingo ikakua mnyororo ukabaki ule ule, ukazama kwenye nyama.

Mume wangu ndo alimkata kwa msumeno wa chuma. Ilichukua karibu saa nzima maana alikuwa anapenyeza kipande cha kanga iliyolowa kati ya chuma na nyama ili asimuumize, jasho linamtoka, na mbwa katulia tu anamwangalia, hana hata nguvu ya kulia.

Tukawapigia vijana fulani wanaookoa wanyama, wakaja na daktari wa mifugo, akasafishwa kidonda, akachomwa sindano za ukurutu na za usaha, lakini kwao kulikuwa kumejaa. Wakatuomba tukae nae miezi miwili mpaka apate nguvu alafu wao watamtafutia watu wa kumchukua moja kwa moja. Mume wangu akasema sawa, miwili, isizidi.

Mi nikafanya kosa siku ile ile ya kwanza. Nilimwonea huruma nikampa wali na nyama sufuria nzima, akala mpaka akalamba chini. Asubuhi hawezi kusimama, anatetemeka, anaharisha maji matupu. Daktari akanigombeza, akasema mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula kwa mkupuo madini kwenye damu yanashuka ghafla na moyo unaweza kusimama, yani njaa haijamuua alafu shibe ndo inamuua. Basi tukaanza upya, wali laini na kuku wa kuchemsha, kijiko baada ya kijiko, mara sita kwa siku, na usiku naweka alamu. Majirani walinishauri nimpake oili chafu ya gari kwa ajili ya ule ukurutu, daktari akakataa kabisa maana atailamba na ni sumu. Tulikuwa tunamwogesha dawa aliyotupimia yeye. Sisi wenyewe tuliwashwa mikono wiki mbili.

Jina tulikuwa hatulijui. Siku moja watoto wakaanza kumwitia majina yote ya mbwa wanayoyajua, Simba, Tomi, Jimi, Bosi, ametulia tu, waliposema Popi sikio la kushoto likainuka. La kulia halinyanyuki, lililiwa na kupe. Nililia siku ile Anti, kumbe kuna mtu alishawahi kumwita.

Sasa hivi ni miezi mitano. Alikuja na kilo 11, juzi kapimwa 19. Manyoya yameota, kumbe ni wa kahawia. Kachanjwa kichaa cha mbwa, kahasiwa. Lakini akiona ufagio wa chelewa anajikojolea hapo hapo, na akiwa anakula ukimsogelea anaguna.

Shida yangu ndo hii. Mwezi wa nane vijana walileta familia moja ya Goba, watu wazuri tu, wana watoto. Mi nikamvuta yule mama pembeni nikamwambia Popi alimng'ata mwanangu. Anti, hajawahi kumng'ata mtu yeyote. Aliguna tu wakati mwanangu anapita karibu na sahani. Yule mama akaogopa wakaondoka, na mi nikajisikia nimepona. Hakuna mtu nimemwambia, hata mume wangu.

Sasa amepatikana mwingine, nesi mstaafu, anakaa peke yake Kibaha, ana kiwanja kikubwa kina ukuta, mbwa wake wa miaka mingi amekufa kwa uzee mwaka jana. Anakuja Jumamosi hii saa nne. Mume wangu anasema tulikubaliana miwili sasa ni mitano, mwenye nyumba ameshauliza mara mbili, na bi mkubwa wa jirani analalamika mbwa anapita kwenye kamba yake akagusa kanga zake za kuswalia, japo huyo huyo ndo ananipitishiaga utumbo wa kuchemsha ukutani. Vijana nao wananiambia kuna mbwa wengine wawili wanasubiri sehemu ya kulelewa.

Mi naona nikimtoa nitakuwa nimemtelekeza mara ya pili. Atakaa Kibaha anasubiri. Mume wangu haelewi, kwake ni mbwa tu. Na nikimbakiza ndoa yangu itapata ufa. Na nikikumbuka ule uongo nahisi hata sistahili kuamua. Nifanye nini?

Mama Popi, Tabata

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi na chai, na kabla sijasema chochote nataka nikushike mkono kwa hiyo miezi mitano. Kuamka na alamu kumpa mbwa kijiko cha wali saa tisa usiku wakati una watoto na una nguo za watu za kumaliza, si jambo dogo. Na hilo kosa la sufuria ya kwanza naona bado linakuuma. Karibu kila mtu mwenye huruma anafanya hivo hivo, maana kwetu mwenye njaa anapewa chakula, basi. Ulipoambiwa ukabadilika, na Popi yupo hai.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo matatu kwenye kapu moja. Kuna swali la Popi aende au abaki. Kuna swali la nyumba yako na mume wako. Alafu kuna ule uongo. Wewe unayaona kama kitu kimoja ndo maana hayabebeki, hebu tuyatoe moja moja, na naanza na hilo la mwisho maana ndo linalokunyima usingizi.

Uongo wako mi nimeuelewa. Mtu anayempenda mtoto na anaogopa kunyang'anywa anaweza kusema lolote, na sikuhukumu. Ila lile neno bado linatembea mwanangu. Hapa kwetu ukisema mbwa kamng'ata mtoto hujasema kitu kidogo, kichaa cha mbwa kipo, kinaua, na watoto wengi ni miongoni mwa wanaokufa. Mbwa akimng'ata mtu kweli, kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu anakimbizwa hospitali kuanza sindano, na mbwa anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Yule mama wa Goba akihadithia kwa mtu, mtu akahadithia kwa mwingine, siku Popi akionekana barabarani anaweza kupigwa mawe na watu wanaodhani wanalinda watoto wao. Kwa hiyo naona hilo lina haraka kuliko hata Jumamosi. Ukiwapigia wale vijana ukawaambia, 'nilisema kitu ambacho si kweli kwa sababu niliogopa', watashangaa dakika mbili alafu nadhani watakuelewa, watu wanaolea wanyama wameshawaona wengi wamekwama hapo ulipokwama. Hatari ipo, wanaweza kukukasirikia. Lakini ukinyamaza, huyo nesi akaambiwa na wengine kwamba Popi ni mng'ataji, utajibu nini mbele yake? Na kuhusu kustahili kuamua, sioni kama ule uongo umekuondolea haki hiyo. Umekuonyesha tu jinsi ulivyomshikilia.

Sasa kuhusu kumtelekeza. Hili neno umeliandika kwa uzito na mi naomba tuliguse taratibu. Wale wapangaji walihama usiku bila kumwambia mtu, wakamwacha kwenye mnyororo bila maji. Wewe unazungumzia kumkabidhi mchana kweupe, kwa mtu uliyemwona kwa macho, ana sahani yake na kadi yake ya chanjo. Yale ya wale wapangaji hata sheria haiyaruhusu, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mwenye mnyama anawajibika kwa chakula, maji na matibabu yake. Mbona unajiweka fungu moja na wao? Najua kwa Popi itafanana, siku ya kwanza hatajua tofauti, atanusa geti, atalia, pengine atakataa kula. Hilo sitakuficha. Mbwa wengi wanaohamishwa wanachukua siku kadhaa mpaka wapate usingizi, wiki kadhaa mpaka wajue ratiba ya nyumba, na miezi kama mitatu mpaka waone ni kwao. Lakini kwako pia alipita humo humo. Alikuja kwako mgonjwa, haoni mtu wa kumwamini, na akajifunza. Unadhani kujifunza kule aliacha kwako, au kuko ndani yake?

Na hapo hapo nakuuliza kingine, usinijibu haraka. Umesema atakaa Kibaha anasubiri. Ni yeye atakayesubiri, au ni wewe utakayekaa kwenye cherehani unasikiliza kama kucha zake zinagonga sakafu? Majibu yote mawili ni halali. Ila yanahitaji dawa tofauti.

Tuje kwa baba watoto. Umeandika kwamba haelewi, kwake ni mbwa tu. Lakini mwanangu, nimeirudia ile sehemu ya msumeno mara tatu. Mwanaume aliyekaa karibu saa nzima anapenyeza kanga iliyolowa kati ya chuma na nyama asimuumize mbwa wa watu, mi siwezi kukubali moja kwa moja kwamba kwake ni mbwa tu. Inawezekana anahesabu pesa. Inawezekana mwenye nyumba anamwambia maneno ambayo hakufikishii. Na inawezekana ile 'miezi miwili' ilikuwa njia yake ya kujilinda asizoee, maana wapo watu wanaoweka tarehe ili moyo usipate nafasi. Sijui, na naona na wewe hujui, maana kwenye barua nzima umeniandikia anachosema kuhusu tarehe, hujaniandikia anachosema kuhusu Popi mwenyewe. Umeshawahi kumuuliza? Mkiwa mmetulia, watoto wamelala, na usianze na 'nataka abaki'. Anza na ule uongo. Ukimwambia yeye kwanza ataona jambo hili limekufikisha wapi, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Basi tuangalie njia zenyewe.

Ukimbakiza Popi, sio dhambi, wapo walezi wengi waliochukua mbwa wa muda akawa wa kudumu. Ila mbwa wa aina ya Popi akitunzwa anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, kwa hiyo unaamua mpaka watoto wako wamekuwa watu wazima. Nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba akikataa siku moja mtahamia wapi na mbwa, na ukipewa notisi ya mwezi ukiwa na haraka ndo mbwa wengi wanapoachwa, hata na watu waliokuwa wanawapenda. Kwa hiyo kama njia hii inakuvuta, ruhusa ya mwenye nyumba itafutwe sasa, na ikiwezekana iwe ya maandishi. Na mume awe amekubali kwa moyo, maana akikubali kwa kuchoka, kila sahani ikivunjika lawama itaenda kwa mbwa. Jirani yako naye ana haki yake, kanga ya kuswalia ikiguswa na pua yenye unyevu kwake ni kuanza kufua upya kwa utaratibu wa dini, si suala la kumchukia Popi, na hata wewe umeona anavyompitishia utumbo. Tofali mbili tatu pale anapopitia Popi, au kamba yake ihamishwe kwa gharama yenu, inaweza kumaliza kesi. Alafu wale wawili wanaosubiri, sikutajii ili ujisikie vibaya, mtu halazimiki kuwa mlezi maisha yake yote. Nakutajia kwa sababu wewe umewataja.

Ukimkabidhi kwa nesi, hapo hatari yako kubwa ni siku za mwanzo. Mbwa aliyehamishwa akikuta geti wazi anatoka kutafuta njia ya kwao, na Kibaha ina barabara ya Morogoro inapita malori usiku na mchana. Kwa hiyo wiki za kwanza geti lifungwe muda wote, akitoka nje awe amefungwa kamba. Na shingo yake ile yenye kovu, mi ningeomba isivutwe kabisa, mkanda wa kifuani unamtosha. Kuguna akila kunaeleweka kwa mbwa aliyekaa na njaa, na kupigwa kunazidisha. Asinyang'anywe sahani, asiwekewe mkono ndani, ale peke yake kwenye kona yake, na kama unataka azoee mtu kupita basi mpitaji apite kwa mbali amrushie kipande kitamu kuliko kilichopo kwenye sahani, siku baada ya siku umbali unapungua wenyewe. Nesi akiwa na wajukuu wanaokuja likizo, hilo lisemwe mapema. Na hapo naona kitu kizuri, maana yale yale uliyoyatumia kuwafukuza watu wa Goba, ukiyasema kwa ukweli na kwa ukamilifu, ndo yatakayomsaidia Popi huko aendako. Nani mwingine anajua habari ya ufagio?

Na sio lazima iwe siku moja na kwaheri. Unaweza kuomba aje Tabata mara tatu nne kabla. Unaweza kuomba Popi aende na gunia lake analolalia bila kufuliwa, liwe na harufu ya kwenu, na ale chakula kile kile wiki mbili za kwanza. Mnaweza kuandikiana kwamba ikishindikana anarudi kwa vijana au kwako, hapewi mtu mwingine. Kuhusu kumtembelea, hapo mkubaliane, wapo mbwa wanafurahi tu na wapo wanaovurugika upya kila wakimwona mlezi wa zamani, kwa hiyo pengine usubiri kwanza, upate picha kwenye simu.

Alafu kuna njia ya tatu ambayo hujaitaja lakini naisikia kwenye barua, kwamba Popi 'hajawa tayari', asubiri kidogo. Inaweza kuwa kweli. Lakini mwezi wa nane pia ilionekana hivo. Muulize daktari wa mifugo, maana yeye hana cha kupoteza, kuna kitu gani hasa kinasubiriwa, kidonda, uzito, au nini. Akikupa jibu lenye tarehe, mna sababu ya kusubiri na mume wako atalielewa. Akikosa jibu, utajua kinachosubiriwa kiko kwa nani.

Na huzuni yako isikutishe. Watu mtaani watakuambia unalia kwa ajili ya mbwa, waache waseme. Umemwona kiumbe amelala chini anasubiri kufa, sasa anakimbizana na watoto wako uani, mkono wako ndo ulipita hapo katikati. Hata akienda mahali pazuri kuliko kote, siku mbili tatu utaweka chakula chake bila kukumbuka.

Hiyo Jumamosi mi naona usiibebee uamuzi wote. Mwambie nesi mapema kwamba siku hiyo hamtaondoka na mbwa, amekuja kuonana nae tu. Kabla ya saa nne toa ule ufagio uani uuweke ndani. Mwombe mume wako awepo, tena akae karibu. Chakula cha Popi kipakue wewe, ila sahani aiweke chini huyo mama kisha arudi nyuma, na amwite kwa jina. Wewe kaa kibarazani na cherehani yako, uangalie lile sikio la kushoto. Alafu niandikie.

Anti